MLANGO WA NYUMA WA PIKAPU SI KITI



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba, likizo, na barua ambazo matajiri hawazijibu. Mambo hayo ni makubwa na sitaki mtu ayaache. Lakini leo naomba nafasi niseme habari ya kitu kidogo cha chuma ambacho wengi wetu hukiona kila asubuhi na hakuna anayekitaja. Ni ule mlango wa nyuma wa pikapu, unaofunguka kwenda chini. Watu huukalia, huukanyaga, huuegemea kwa mgongo, na ukiharibika huufunga kwa waya. Mimi nasema mlango huo umekwisha kula miguu ya watu, na utakula mingine kama tutanyamaza.

Mtu akisema hii si kazi ya chama, mimi namwuliza: Mshahara tunaoupigania unapokewa na nani? Unapokewa na mtu mwenye mikono na miguu ya kufanyia kazi. Akikosa mguu, hata nyongeza ikiwa kubwa namna gani, itapita mbele ya mlango wake bila kuingia.

Niwaambieni jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa wakati wa mvua za masika, miaka mitatu iliyopita, upande wa Londiani, ambako asubuhi ni baridi sana na barabara ya udongo huteleza kama sabuni. Genge letu lilikuwa limepelekwa kusaidia kazi ya mkandarasi mmoja, na pikapu ilikuwa yake. Nyuma tulikuwa watu 9. Pamoja nasi katika bodi kulikuwa na jeki, mitaimbo, mabeleshi, sururu, debe la misumari, na kipande cha reli cha mita 2. Reli ile ni ya ratili 80 kwa yadi, na kila mita yake ina karibu kilo 40. Basi kipande kile kilikuwa na kilo 80, yaani hakikupungukiwa sana na gunia la mahindi, nacho hakikufungwa hata kwa kamba moja.

Mlango wa nyuma ulikuwa na makomeo mawili, moja kila upande. Komeo la kushoto lilikuwa limevunjika, na mahali pake palifungwa waya. Waya huo ulikuwa pale kwa muda wa wiki tatu. Mwenzetu mmoja alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mlango, miguu ndani, mgongo nje. Alikaa pale kwa sababu bodi ilijaa, na kwa sababu mahali pale wengi hupapenda: hakuna anayekukanyaga, na mkifika wewe ndiwe wa kwanza kushuka. Sisemi alikuwa mjinga. Siku iliyotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa pale pale.

Tulipovuka kijito, gurudumu la nyuma likaingia shimoni. Waya ukakatika, mlango ukaanguka, na mwenzetu akaanguka kichalichali. Kipande cha reli kikateleza kikamfuata. Kilimvunja mguu chini ya goti mahali pawili. Siku ya kumi na moja waganga waliukata. Alikuwa na miaka 28, na mtoto wake wa pili alikuwa hajatimiza mwezi mmoja.

Jioni ile nyapara wetu, ambaye ni mzee mwema na anatupenda, alisema, “Vijana, ajali haina kinga. Tumshukuru Mungu kwamba hakufa.” Sote tuliitikia, “Ndiyo, Mzee.” Mimi pia niliitikia. Lakini usiku sikupata usingizi. Nilianza kuhesabu watu walioujua ule waya. Sisi 9 tuliokuwa nyuma tuliujua. Dereva aliujua. Nyapara aliujua. Mwenye stoo aliujua, maana waya wenyewe ulitoka kwake. Jumla watu 12. Basi kitu kinachojulikana na watu 12 kwa wiki tatu, je, tunaweza kukiita ajali isiyo na kinga? Kinga ilikuwapo, nayo ni komeo moja jipya. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kusema, “Sipandi mpaka litengenezwe.”

Tena sisi watu wa reli tuna haya zaidi kuliko wengine, kwa sababu jambo hili tulifundishwa. Wazee wetu walitufundisha kwamba behewa la kokoto haliondoki kabla milango yake haijatazamwa upande huu na upande huu. Walitufundisha kwamba ukifungua mlango wa behewa usisimame mbele yake, simama pembeni, maana hujui mzigo umeuegemea namna gani. Gadi hakupepea bendera ya kijani kwa kudhani tu. Alitembea, akatazama, akashika komeo kwa mkono wake, ndipo akapepea. Na mtu aliyerukia behewa linalokwenda, au kulirukia chini, aliadhibiwa hata kama hakuumia.

Sasa tazameni ajabu hii. Mtu yule yule anayejua hayo yote akitoka relini akafika barabarani, akaona pikapu, huacha akili yake kando ya njia. Hupanda ikiwa inaondoka. Hukaa juu ya mlango. Hulala juu ya mzigo. Kwa nini? Kwa sababu pikapu ni ndogo, tunaidharau. Lakini pikapu ni behewa dogo, tena lina hatari zaidi, kwa maana behewa hufuata reli zake, bali pikapu hufuata mkono wa dereva, mashimo, ng’ombe na matatu.

Nataka tuelewe jinsi kitu hiki kilivyo, maana mtu haogopi asichokielewa. Mlango wa nyuma hushikwa chini na bawaba mbili. Ukifungwa, hushikwa juu na makomeo. Ukifunguliwa, huning’inia kwa minyororo miwili au nyaya mbili nyembamba za chuma. Umewekwa pale ili kuzuia mzigo usianguke, na ukifunguliwa uwe kama meza ya kupitishia mzigo. Haukuwekwa uchukue watu watatu wanaorukaruka katika mashimo. Minyororo na nyaya hizo huota kutu, hasa mahali zinapokunjana, na hukatika siku usiyoitazamia.

Pili, fikirini juu ya uzito. Watu 9, tukisema kila mmoja ana kilo 65, ni kilo 585. Ongeza jeki, vyombo, reli na maji. Pikapu nyingi tunazopanda zimeundwa kuchukua karibu tani moja tu. Na uzito ukiwa nyuma sana, kupita ekseli ya nyuma, mbele ya gari huinuka na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Hapo dereva hukata kona lakini gari halimsikii vizuri. Ndiyo sababu watu watatu walioketi juu ya mlango si hatari kwao wenyewe tu. Ni hatari kwa wote waliomo, hata kwa yule anayekuja mbele kwa baiskeli.

Tatu, fikirini juu ya breki. Mtu aliyesimama ndani ya bodi, gari likienda kilomita 50 kwa saa, naye anakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga kitu likasimama, yeye hasimami, huendelea. Nguvu itakayompiga ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka juu mita 10, kama juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Nani kati yetu angekaa ukingoni mwa ghorofa ya tatu, miguu ndani na mgongo nje, huku mtu akiitikisa nyumba? Lakini ndivyo tunavyofanya kila Jumatatu, huku tukicheka.

Tuliosoma shule za misheni tunakumbuka kwamba katika Torati mna amri juu ya mtu anayejenga nyumba, kwamba lazima ajenge ukingo kuzunguka dari yake, asije akawa na hatia mtu akianguka. Nilipokuwa mtoto nilishangaa, nikaona ni jambo dogo kwa kitabu kikubwa. Sasa sishangai tena. Mwenye nyumba alipewa mzigo huo yeye, wala hakuambiwa awalaumu wageni kwa kutojishika.

Basi, wenzangu, haya ndiyo ninayotaka tuyashike, kila genge na kila karakana:

1. Kabla ya kupanda, mtu mmoja aushike mlango wa nyuma kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu. Makomeo yote mawili lazima yashike. Waya, kamba au kipande cha mpira si komeo. Mlango usiofunga ni gari bovu, kama vile gari lisilo na breki.

2. Mtu yeyote asikae juu ya mlango, ukiwa umefungwa au umefunguliwa. Wala asikae juu ya kingo za pembeni, wala juu ya mzigo. Kama hakuna budi kuchukuliwa kwa pikapu, kaeni chini kabisa, migongo ikiegemea upande wa kibanda cha dereva, na mlango uwe umefungwa. Hata hivyo hapo si mahali pa watu. Ni ubaya mdogo tu kuliko mwingine.

3. Watu na chuma wasisafiri pamoja. Watu waende kwanza, vyombo vifuate, au vyombo kwanza kisha watu. Reli, jeki na mitungi ya gesi ni vitu visivyo na macho. Gari likikata kona, havimjui baba wa watoto.

4. Mzigo mzito uwekwe mbele, ugusane na kibanda, uwe chini, nao ufungwe kwa kamba au mnyororo. Msifikiri kwamba mlango wa nyuma utauzuia. Mlango huzuia kitu kinachoteleza polepole. Hauwezi kuzuia kilo 80 zinazokuja kwa mbio mlimani.

5. Mzigo mrefu ukilazimisha mlango kubaki wazi, ufungeni mara mbili, na mwishoni mwake tundikeni kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Tazameni pia kama mlango umefunika namba ya gari au taa za nyuma.

6. Wakati wa kufungua, simama pembeni, shika mlango, uushushe polepole. Kwanza chungulia kama mzigo umeuegemea. Ni kanuni ile ile ya behewa.

7. Usiruke chini. Bodi ya pikapu humfikia mtu kiunoni, na aliyechoka akiruka kwenye kokoto huvunja kifundo cha mguu. Shuka kinyumenyume, mikono miwili ikishika, mguu mmoja utafute chini. Na mwenye pete aivue kabla ya kazi. Pete ikinaswa na ndoano wakati wa kuruka, mwili huenda chini na nyama ya kidole hubaki juu.

8. Usipande wala usishuke gari likiwa linakwenda, hata kama ni polepole kama mwendo wa kobe.

9. Mvua ikinyesha watu hupenda kujifunika turubai, na mlango wa nyuma ukaachwa wazi ili wapate hewa. Hewa hiyo si njema. Gari likienda, moshi wa injini huvutwa ukaingia chini ya turubai, na ndani ya moshi huo mna sumu isiyo na harufu. Mtu husinzia, wenzake hudhani ni uchovu, kumbe anakufa.

10. Mtungi wa petroli usijazwe ukiwa juu ya bodi. Uteremshe chini udongoni kwanza, ndipo ujaze. Ukiwa juu ya plastiki ya bodi, cheche ndogo ya umeme inaweza kuruka na kuuwasha.

Najua yatakayosemwa, kwa maana nimekwisha kuyasikia. Wa kwanza atasema, “Tukikataa kupanda tutatembea maili saba, na tukichelewa tutakatwa mshahara.” Hayo ni kweli, wala mimi sidharau neno lake. Miguu yangu pia inazijua maili saba. Lakini sikumwambia mtu akatae peke yake. Mtu mmoja akikataa huitwa mkaidi, na kesho jina lake halimo katika orodha. Watu 9 wakisimama pamoja kando ya gari, kwa heshima, bila matusi, wakasema, “Mzee, tunataka kazi, lakini mlango huu haufungi,” nyapara atafanya nini? Atapiga simu. Na nawaambieni, wanyapara wengi wangefurahi kupata sababu ya kupiga simu hiyo, kwa kuwa nao wanasukumwa na walio juu yao.

Wa pili atasema, “Kosa ni la dereva.” Ndugu, dereva naye ni mfanya kazi. Huambiwa, “Chukua watu wote na vyombo vyote, safari moja, mafuta ni ghali.” Polisi wakimkamata, ni yeye anayelala ndani, si yule aliyemtuma. Madereva ni wenzetu. Tusimame nao, nao wasimame nasi. Dereva asiyeondoa gari mpaka kila mtu ameketi na mlango umefungwa, tumpe sifa badala ya kumpigia kelele kwamba anachelewesha.

Wa tatu atasema, “Sheria ni ya matajiri.” Sivyo kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mwenye kazi wajibu wa kulinda usalama wa watu wake. Inatuambia sisi tumjulishe msimamizi tukiona hatari kubwa iliyo karibu, na mpaka hatari hiyo iondolewe, hana ruhusa ya kumlazimisha mtu arudi mahali penye hatari. Tena mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Nauliza: katika tawi lako kamati hiyo ipo? Ilikutana lini? Mjumbe wenu ni nani? Kama huwezi kujibu, basi kazi ya kwanza umekwisha kuipata.

Na iko sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini. Wengi hudhani kwamba mtu akiumia njiani, kabla ya kushika beleshi, hana haki. Si kweli. Ukichukuliwa bure kwenda kazini au kurudi kwa gari ambalo tajiri amelitoa kwa ajili hiyo, likiendeshwa na yeye au na mtu wake wa kazi, unahesabiwa kuwa kazini. Yule mwenzetu wa Londiani aliambiwa kwanza kwamba alijiumiza mwenyewe kwa kukaa vibaya. Katibu wa tawi aliandika barua, sisi tuliokuwapo tukaandika maneno yetu na kutia sahihi, na baada ya miezi mingi alilipwa. Kwa hivyo mtu akiumia, mwarifuni msimamizi siku ile ile, pigeni picha ya gari na ya komeo kwa simu, na andikeni majina ya walioona. Neno lisiloandikwa hupotea.

Lakini msidhani fidia ni ushindi. Nilikwenda kumwona mwaka jana. Amefungua kibanda kidogo, huuza sabuni, chumvi na vocha za simu. Mkewe ndiye anayelima. Hakunilalamikia. Aliniuliza tu, “Lile komeo walilitengeneza?” Nikamjibu kweli kwamba lilitengenezwa kesho yake asubuhi, na fundi hakumaliza hata saa moja. Alinyamaza, nami sikuwa na neno la kuongeza.

Hiyo saa moja ndiyo ninayoidai. Naomba halmashauri ya chama, katika mazungumzo yajayo na matajiri, iweke neno hili pamoja na mishahara: watu wachukuliwe kwa gari lenye viti, na mpaka litakapopatikana, watu na vyombo wasafiri mbalimbali, na gari lisilofunga mlango lisitoke yadini. Watasema mafuta ya safari ya pili ni gharama. Tuwajibu kwamba gharama hiyo ipo sikuzote, ila hadi leo tumekuwa tukiilipa sisi kwa miguu yetu.

Na kabla mazungumzo hayajaanza, iko kazi isiyohitaji halmashauri wala barua. Kesho asubuhi pikapu ikija, usipande upesi. Nenda nyuma, shika mlango kwa mikono miwili, utikise. Ukishika vizuri, waambie wenzako wapande. Ukicheza, waambie wasimame, na wewe usimame nao.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa genge la njia ya reli